Sisi Hatuna Gari

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, na hata wateja wake wa miaka mingi wangebabaika kama ungewauliza jina lake la kuzaliwa. Alishona mapazia. Si magauni, si mashuka, si vitambaa vya meza. Ukimpelekea suruali ya kupunguza kiuno, alikuwa anakutazama kama umemtukania wazazi, kisha anakuelekeza kwa fundi wa kona, "yule anayeshona kila kitu". Yeye alikuwa anaingia chumbani kwako, anasimama katikati, anakunja uso na kulitazama dirisha kana kwamba wamegombana jana, halafu anatoa hukumu: "Hapa rangi ya maziwa haifai. Weka kahawia." Nawe unaweka kahawia, kwa sababu kubishana na Mama Pazia ni kujitafutia kuumwa kichwa bure.

Zamani alikuwa mtu wa kubeba. Majora ya vitambaa begani, vyuma vya pazia mkononi, virefu kuliko yeye mwenyewe. Akigeuka kulia anamchoma mpita njia, akigeuka kushoto anaangusha bidhaa za watu, na matusi ya njia nzima yakawa yake. Halafu akanunua gari. Jipya kabisa, kutoka kwa wakala, jeupe, dogo mbele na pana nyuma, na yeye mwenyewe alikuwa akisema wamefanana umbo ndiyo maana wakapendana. Alilinunua kwa jasho lake, ila likaandikishwa jina na namba ya simu ya mumewe, kwa sababu siku ya kuandikisha yeye alikuwa juu ya ngazi kwa mteja na hakuona haja ya kushuka kwa ajili ya kuweka sahihi. Kiti cha mbele cha abiria alikilaza moja kwa moja ili vyuma vipite, kwa hiyo abiria wake, awe nani, alikaa nyuma kama waziri, ubavuni mwa vitambaa.

Mumewe alikuwa kinyume chake. Alikuwa mtunza stoo wa shule, maneno machache, funguo nyingi, na watu wakamwita Bwana Kufuli. Alifunga kabati, alifunga kisanduku cha mita ya maji, alifunga mpaka banda ambalo ndani yake hamkuwa na kitu ila ndoo mbovu. Lakini tusimcheke. Hakuzaliwa hivyo, alifanywa hivyo, na aliyemfanya hivyo ni friji.

Friji lile lilikuwa la kwanza maishani mwao. Halijamaliza hata mwezi jikoni, wakaja vijana wawili wenye mashati ya kufanana, wameshika karatasi yenye muhuri, Mama Pazia akiwa kazini. Wakasema kwa upole kabisa: "Mzee, friji hili linatakiwa kurudishwa dukani. Liliuzwa kimakosa, mtaletewa lingine." Bwana Kufuli, ambaye wakati huo bado alikuwa mtu wa kuamini watu, aliwasaidia kulishusha ngazi. Aliwapa na maji ya kunywa. Walipoondoka aliwapungia mkono. Dukani walipokwenda kuuliza, wenye duka waliwashangaa: hawakumtuma mtu, hawakujua lolote, na mashati ya kufanana yanauzwa popote. Mama Pazia alilia siku ile kwa uchungu, na mumewe alikaa ameinamisha kichwa akitazama alama nne za miguu ya friji kwenye sakafu. Tangu hapo neno kurudisha likawa kama tusi ndani ya nyumba ile. Ukisema tu, "Nenda karudishe sufuria ya jirani," Bwana Kufuli alikuwa anashtuka.

Watoto walikuwa wakubwa na wamekwenda na maisha yao. Nyumbani alibaki mama yake Bwana Kufuli, aliyekuja kutibiwa macho na akakaa. Huyu walimwita Bibi Redio, na wala si kwa sababu alikuwa na redio. Alikuwa ndiyo redio yenyewe. Habari ikiingia sikioni mwake saa hii, kabla chai haijapoa mtaa umeshaipata, imeongezwa chumvi, na yenyewe inarudi kwake naye anaisikiliza upya kwa mshangao. Hakuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa tu hawezi kukaa na neno tumboni. Jambo moja alilishikilia kuliko yote: salamu. Hukuanza kuzungumza na Bibi Redio kabla ya kumwamkia. Uwe na haraka, uwe unaungua moto, kwanza shikamoo, usubiri marahaba, ujulishwe habari za miguu yake, ndipo useme lako. Mama Pazia, pamoja na ukali wake wote, aliinama kwa mama mkwe wake kila asubuhi, na yule bibi alikuwa akimsifu kwa watu: "Mkwe wangu ana kelele, lakini adabu anayo."

Sasa, gari. Siku moja, Mama Pazia akiwa katikati ya makutano ya barabara, gari lilizima. Halikukohoa, halikutoa moshi, lilinyamaza tu. Usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu kama zimeshikwa na mtu, na nyuma yake honi zikaanza. Alipiga ufunguo mara kadhaa, likawaka, akaondoka. Fundi wa gereji alifungua boneti, akanusa, akasema: "Mama, umeuziwa mafuta machafu." Akasafisha chujio, akafuta mikono, yakaisha. Mama Pazia alikwenda kumgombeza yule muuza mafuta mpaka mtu wa watu akaapa kwa wazee wake wote. Kumbe maskini hakuwa na kosa.

Simu ilipigwa asubuhi ya siku ya mapumziko. Mama Pazia alikuwa anaoga ajiandae kwenda kwa mteja, na Bwana Kufuli alikuwa anapaka mafuta bawaba za mlango.

"Habari za asubuhi, mzee. Nakupigia kutoka kwa wakala wa magari," ilisema sauti ya msichana, laini, yenye heshima. "Nyinyi mna gari letu jeupe. Magari yote ya aina hiyo yanatakiwa kurudishwa."

"Kurudishwa wapi?"

"Kwetu, mzee. Tulikowauzia. Tena leo leo ikiwezekana, tutatuma watu waje walichukue hapo hapo nyumbani. Ni kwamba pampu ya..."

Bwana Kufuli alikata simu. Heshima ile, upole ule, watu wa kuja kuchukua nyumbani. Alisikia miguu ya vijana wawili kwenye ngazi. Simu ikaita tena, akakata tena. Ilipoita mara ya tatu aliizima kabisa, akaifungia kwenye droo ya kabati, akaweka ufunguo mfukoni. Safari hii, alijiambia, hawamkuti mjinga.

Hakumwambia mkewe. Na hapa watu wengi wamemlaumu, lakini mimi namwelewa. Alimkumbuka alivyolia kwa ajili ya friji, na gari lilikuwa zaidi ya friji mara mia. Aliona heri amalize jambo mwenyewe, amwambie likishapita. Mpango wake ulikuwa mwepesi: dada yake alikaa ng'ambo ya mlima, na uani kwake palikuwa na banda lenye mlango wa chuma. Gari lingekaa huko mpaka wale watu wachoke.

"Leo nina shida na gari," alimwambia mkewe bila kumtazama. "Nampeleka mama akamsalimie dada."

"Leo? Nina madirisha ya daktari mimi. Na mapazia ya mkuu wa shule yamo nyuma ya gari."

"Ya mkuu wa shule yatarudi nalo. Wewe chukua teksi."

Mama Pazia alinung'unika, akapiga kope, akasema maneno mawili matatu kuhusu wanaume wanaokumbuka dada zao siku ambayo wake zao wana kazi. Lakini alipomwona Bibi Redio amekwishavaa viatu vya kutokea na kujipulizia manukato, hakuwa na la kusema. Akamwamkia, akapokewa, akapewa habari za goti la kushoto, akabeba vifaa vyake na kuondoka. Simu yake aliisahau kwenye chaji.

Njiani Bwana Kufuli alimwambia mama yake yote. Alimwambia kuna watu wanataka kumnyang'anya mkwe wake gari, kwa hila ile ile ya friji, na kwamba hii ni siri. "Mtu yeyote akikuuliza, mama, sisi hatuna gari. Usimwambie mtu." Yule bibi, ambaye maishani mwake hakuwahi kupewa siri na mtu mwenye akili timamu, alijiona amepandishwa cheo. Akaapa. Na ninavyojua mimi, ile ndiyo siri ya kwanza na ya mwisho aliyowahi kuitunza.

Daktari wa meno alikaa kwenye nyumba yenye madirisha mapana, na Mama Pazia alikuwa juu ya ngazi, mdomo umejaa vile vindoano vidogo vya kuning'inizia pazia. Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kazi: vindoano midomoni, anachomoa kimoja kimoja, na anazungumza hivyo hivyo kwa pembe ya mdomo. Daktari alikuwa chini ameshika ncha ya kitambaa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno, akaanza habari za gari lake.

"Unajua tumefanana magari, mimi na wewe. Langu limeshakwenda. Wamenipa kigari hiki cha muda nishikilie mpaka wamalize."

"Limekwenda wapi?" aliuliza Mama Pazia kwa pembe ya mdomo.

"Kwa wakala. Si wameyaita yote? Pampu ya mafuta ni mbovu tangu kiwandani. Inakata ghafla, gari linazima ukiwa kwenye mwendo. Wanakubadilishia bure, unarudi nalo. Lakini wamesisitiza, usiliendeshe hata kidogo, wao wanakuja kulikokota. Kuna watu wameshaumia. Wewe hawajakupigia?"

Mama Pazia alitema vindoano vyote kiganjani. Aliona yale makutano, usukani mzito, breki ngumu, gari lililonyamaza. Si mafuta machafu. Hayakuwa mafuta machafu hata siku moja, na amelitumia gari lile wiki nzima tangu siku ile, amembeba nalo Bibi hospitali, amebeba nalo watoto wa jirani.

"Labda walimpigia aliyeandikishwa," alisema daktari.

Aliyeandikishwa. Mama Pazia akaona uso wa mumewe asubuhi ile, namna alivyozungumza na ukuta badala ya kuzungumza naye. Leo nina shida na gari. Alishuka ngazi bila kuhisi vikanyagio. Hakujua bado mumewe aliambiwa nini wala alielewa nini, lakini jambo moja lilikuwa wazi: muda huu huu wako kwenye barabara ya mlimani, ile yenye malori ya kokoto, yeye na mama yake, ndani ya gari ambalo linaweza kunyamaza wakati wowote.

"Nipe simu," alimwambia daktari. Hakuomba, aliamuru.

Namba ya mumewe haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Namba ya pili aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya Bibi Redio, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimwekea salio. Simu ndogo ya vitufe, yenye mlio wa kuamsha mtaa. Iliita, ikaita, na Mama Pazia alikuwa amesimama katikati ya sebule ya watu, mkono mmoja umefumba vindoano mpaka vinamchoma na yeye hasikii.

"Haloo. Nani?" Sauti ya Bibi, na nyuma yake muungurumo wa injini.

"Gari liko wapi? Mko wapi na hilo gari?"

Ndivyo alivyosema. Sauti ilitoka ngeni, imekauka kwa woga, si sauti ya Mama Pazia inayojulikana. Namba nayo ilikuwa ngeni. Na hakukuwa na shikamoo. Kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuanza na mama mkwe wake bila shikamoo, na siku ile moja tu ilimtoka kichwani, kama ambavyo ingekutoka wewe na mimi.

Kisha Bibi akasema kwa madaha, taratibu, kama mtu anayefurahia kila neno: "Gari gani? Sisi hatuna gari."

"Mama, sikiliza, ni..."

"Wala hatujawahi kuwa na gari. Sisi ni watu wa kutembea kwa miguu."

Nyuma ya sauti ile Mama Pazia alimsikia mumewe akicheka. Bwana Kufuli, ambaye kicheko chake kilikuwa haba kama mvua ya kiangazi, alikuwa anacheka kwa kelele. Kisha simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Alibaki ameishika simu sikioni. Daktari alimwuliza mara mbili wamesema nini, na mwisho akajibu polepole, kama mtoto anayesomeshwa: "Amesema hatuna gari."

Daktari alichukua ufunguo wa kile kigari cha muda, wakatoka bila kufunga mlango. Njiani Mama Pazia alikuwa anazungumza peke yake. Alimtukana mumewe kwa majina yote aliyoyajua, kisha akamwombea, kisha akamtukana tena. Alisema akimkuta amesimama pembeni ya barabara, gari limezima na yeye anapiga miluzi, atampiga kofi mbele ya mama yake, na aliomba kwa moyo wote apate nafasi ya kulipiga kofi hilo. Kila gari jeupe lililotokea mbele lilimfanya ashike dashibodi. Halikuwa lao. Barabara ikaanza kupanda, kona kali zikaanza, hewa ikawa ya baridi.

Upande wa kupanda walikuta kimya. Upande wa kuteremkia, baada tu ya kilele, walikuta foleni. Magari yamezimwa, madereva wamesimama nje mikono kiunoni, wanatazama chini kwenye kona. Daktari alifunga breki. Mama Pazia alikuwa ameshateremka kabla gari halijasimama vizuri.

Alipita kando ya magari. Alimwuliza mtu mmoja kuna nini, yule mtu akasema: "Lori la kokoto limegonga gari dogo. Gari dogo lilisimama tu katikati ya kona, bila taa, bila chochote. Yule wa lori angefanyaje?" Akaendelea kutembea. Alijiambia magari madogo yako mengi. Alijiambia hivyo mpaka alipofika kwenye kona na kuona kitambaa cha kahawia kimetapakaa lami yote.

Mapazia ya mkuu wa shule. Alikuwa ameyamaliza juzi. Kitambaa kizito, kilichotiwa bitana, kimeburutwa na magurudumu. Lile lori lilisimama kwa upande, na dereva wake alikuwa amekaa chini kwenye majani ameshika kichwa. Mbele ya lori palikuwa na gari jeupe ambalo upande wa mbele ulikuwa mzima kabisa, hata kioo hakikupasuka. Nyuma hapakuwa na nyuma tena.

Watu walikuwa wema. Lazima hilo lisemwe. Walikuwa wamemtoa Bibi na kumlaza pembeni mahali palipo safi, na mtu mmoja alikuwa amechukua pazia moja ambalo halikuchafuka akamfunika nalo kuanzia kichwani. Mama Pazia alilitazama pindo lile. Aliijua mishono yake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Chini ya pindo vilitokeza viatu vya kutokea, vimepakwa rangi, kimoja kimefunguka kifungo. Aliinama, akakifunga. Mkono mmoja ulifanya kazi wenyewe, yeye mwenyewe hakuwapo. Alichoweza kusema ni kile alichokisahau.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Akangoja. Alipogundua anangoja nini, akakaa pale pale kwenye kokoto zilizomwagika.

Bwana Kufuli alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, ameegemea ukingo wa barabara, mkono mmoja umening'inia vibaya na mtu amemfungia kwa mkanda wa suruali. Alikuwa hana damu, hana machozi. Macho yake yalikuwa yanatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mama Pazia alijisogeza mpaka ubavuni mwake. Lile kofi halikuwepo tena. Alimshika mkono ule mzima, wakakaa.

"Lilizima," alisema mumewe. "Nimekanyaga mafuta, hakuna kitu. Nikaogopa, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nikamwambia mama, tulia, nitawasha. Ndipo lile lori likatokea kwenye kona."

"Najua."

"Kuna watu walikuwa wanataka kukuchukulia gari lako. Nilikuwa nalificha."

Mama Pazia alifumba macho. Sasa alielewa yote: friji, neno lile, kicheko kile kwenye simu. Alimpenda na alitaka kumkamata koo, vyote kwa wakati mmoja. Habari ya pampu hakuwa na njia ya kumzuilia. Kesho askari wataisema, wakala watakuja na maua na maneno laini, na mumewe atajua kwamba walitaka kulitengeneza tu, bure, na kwamba simu ile angeisikiliza kidogo zaidi mama yake angekuwa hai. Hilo litamfikia hata akimziba masikio kwa mikono yake miwili.

"Tulikuwa tumefurahi," alisema Bwana Kufuli. Sauti yake ilianza kukatika. "Kuna mtu alipiga simu, muda si mrefu kabla. Kwenye simu ya mama. Akaanza moja kwa moja, gari liko wapi. Hata salamu hakutoa. Mama akamjibu, sisi hatuna gari, sisi ni watu wa kutembea kwa miguu. Alimjibu vizuri kweli. Tukacheka mpaka nikafuta machozi. Akazima simu, akaniambia, huyu si mtu wetu. Mtu wetu angeniamkia kwanza."

Daktari wa meno alikuwa amewafikia na kusimama nyuma yao, simu yake mkononi. Aliwatazama wote wawili, akaitia simu mfukoni taratibu na kugeuza uso.

"Alikuwa nani yule?" aliuliza Bwana Kufuli. Alimgeukia mkewe kwa mara ya kwanza, akamtazama kama mtu anayeomba maji. "Ni wale watu, siyo? Ni wale wa gari?"

Mama Pazia aliishi na mume huyu miaka yote bila kumdanganya, hata kwa jambo dogo, kwa sababu ulimi wake haukujua njia nyingine ila iliyonyooka. Kiganja chake kilikuwa bado kimefumba vindoano vya daktari.

"Ndiyo," alisema. "Ni wao."

"Nilijua," alisema Bwana Kufuli, akaweka kichwa begani mwake na kuanza kulia.